Sinthesaiza za Kale na Programu za Kompyuta: Ipi Itakayotunza Sauti?

Mazungumzo ya juma hili yanaelekea Guangzhou, mji mkuu wa jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Jina la mji huo si geni Kariakoo, wala si geni katika maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue jijini Nairobi. Tangu miaka ya 2000 wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wamefikia mtaa wa Xiaobei, wamezunguka kwenye Maonyesho ya Biashara ya Canton, ambayo yalianza mwaka 1957, na wamerejea nyumbani na simu, taa, spika na vitambaa. Katika shehena hizo vimo pia vinanda vya umeme, na ndivyo vinavyohusika leo.

Guangzhou ina historia yake katika biashara ya ala za muziki. Kampuni ya piano ya Pearl River, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1956, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa piano duniani. Kusini ya Guangzhou, umbali usiofika kilomita 100, upo mji wa Zhongshan. Huko ndiko kilipo kiwanda cha Behringer, kampuni iliyoanzia Ujerumani mwaka 1989 na baadaye kuhamishia utengenezaji wake China. Kiwanda hicho kimekuwa kikiunda upya sinthesaiza ambazo Wamarekani na Wajapani waliacha kuzitengeneza takriban miaka 40 iliyopita. Kwa kufanya hivyo kimeingia katikati ya ugomvi wa muda mrefu baina ya watayarishaji wa muziki: je, sauti bora hutoka katika mashine ya kale, au programu ya kompyuta inatosha?

Ugomvi huo huonekana kama anasa ya watu wenye fedha na nafasi. Lakini kwa mtayarishaji wa Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Bukavu, ndani yake limo swali zito zaidi. Muziki uliorekodiwa leo, nani ataweza kuufungua tena baada ya miaka 20, na kwa ruhusa ya nani?

Kwanza, ifahamike sinthesaiza ni kitu gani. Udi una nyuzi zake, zumari ina pumzi ya mpigaji, ngoma ina ngozi. Sinthesaiza huunda sauti kwa umeme peke yake. Katika mashine za kale, mkondo wa umeme hutetemeshwa ndani ya sakiti. Mpigaji akibonyeza noti ya La ya katikati, mkondo huo hutetemeka mara 440 kwa sekunde. Kisha hupitishwa katika kichujio kinachopunguza au kuongeza ukali wake, na mwisho hufika kwenye spika. Kila hatua ina kifundo chake cha kuzungusha kwa mkono.

Programu ya kompyuta hufanya kazi hiyo kwa hesabu. Badala ya mkondo wa umeme unaotiririka, kompyuta hukokotoa tarakimu, kwa kawaida 44,100 kila sekunde, ambazo mwishowe hugeuzwa kuwa sauti. Kiwango hicho kina mpaka. Hakiwezi kubeba mtetemo unaozidi nusu yake, yaani mara 22,050 kwa sekunde. Mitetemo inayovuka mpaka huo, isipozuiwa, hurudi chini ikiwa sauti ngeni isiyopatana na noti iliyopigwa. Programu nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 zilisumbuliwa na kasoro hiyo, na hapo ndipo ilipopata nguvu kauli kwamba sauti ya kompyuta ni baridi na kavu. Kompyuta za leo zina uwezo wa kukokotoa mara nyingi zaidi, na kasoro hiyo kwa sehemu kubwa imedhibitiwa.

Kwa hiyo wapenzi wa mashine za kale wanasikia nini? Wanasikia kutokamilika. Sakiti za zamani hubadilika kwa joto: mashine ikiwashwa asubuhi hailingani kabisa na mashine hiyo hiyo baada ya kuwaka saa moja. Noti mbili zinazopaswa kufanana hupishana kidogo sana, na sikio la mwanadamu hupokea mpishano huo kama uhai. Programu nazo siku hizi huiga mpishano huo kwa makusudi. Wimbo ukishakamilika, ukachanganywa na kusikilizwa katika simu ndani ya daladala, wasikilizaji wachache sana wanaweza kueleza kama besi yake ilitoka katika transista au katika tarakimu.

Tarehe chache zitasaidia kuufuata mjadala huu. Minimoog Model D, sinthesaiza ya kwanza iliyoenea miongoni mwa wanamuziki kwa sababu ilibebeka, ilitoka Marekani mwaka 1970. Bei yake ilizidi dola 1,000 za wakati ule. Haikuwa na kumbukumbu yoyote: mpigaji aliyepata sauti nzuri alilazimika kuandika karatasini mahali kilipokuwa kila kifundo. Mwaka 1978 ikaja Prophet-5 ya Dave Smith, iliyotumia chipu ya kompyuta kukumbuka sauti. Mwaka 1983 Yamaha ya Japani ikatoa DX7, iliyotumia ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, na sauti zake zikaenea katika muziki wa miaka ya 1980 karibu kila pembe ya dunia. Mwaka huo huo Smith na Ikutaro Kakehashi wa Roland wakauonyesha ulimwengu mfumo wa MIDI, unaowezesha ala za kampuni tofauti kuzungumza lugha moja. Mfumo huo ungali ukitumika.

Afrika Mashariki haikuwa nje ya historia hiyo, hasa katika visiwa vya Zanzibar na pwani yake. Taarab ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, ilijengwa juu ya udi, ganuni, fidla na nai, na baadaye akodiani. Katika miaka ya 1990, vikundi vya taarab ya kisasa kama East African Melody na Tanzania One Theatre viliweka kinanda cha umeme mbele. Kinanda kimoja na mpigaji mmoja kikachukua nafasi ya safu nzima ya fidla. Gharama ya kusafirisha kundi ikapungua, sauti ikafika mbali zaidi ukumbini, na vijana wakacheza.

Lakini kulikuwa na kilichopungua. Muziki wa asili ya Kiarabu hutumia noti zinazolala katikati ya funguo za kinanda, zile ziitwazo robo toni. Mpiga fidla huzipata kwa kusogeza kidole. Kinanda cha kawaida kina noti 12 tu katika kila oktavu, na Minimoog haina njia ya kusogeza noti moja bila kuzisogeza nyingine zote. Ni kweli kwamba akodiani nayo ilikuwa na mpaka huo huo. Yamaha na Korg baadaye ziliuza vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Waarabu, vyenye uwezo wa kushusha noti moja moja. Katika programu za kompyuta jambo hilo limekuwa rahisi zaidi: nyingi huruhusu kila noti ipangwe mahali popote anapotaka mtunzi. Hapa programu imerudisha kile ambacho mashine ilikuwa imekiondoa, na wapenzi wa mashine za kale mara nyingi hawaitaji hoja hiyo.

Bara, njia ilikuwa nyingine. Muziki wa kizazi kipya uliokua Dar es Salaam kupitia studio kama MJ Records ya Master J na Bongo Records ya P-Funk, na ule wa Nairobi wa Ogopa DJs na Calif Records, ulikua wakati kompyuta zikiingia studioni. Kijana aliyetaka kutengeneza muziki hakuwa na nafasi ya kuchagua baina ya Minimoog na programu. Minimoog haikuwapo dukani, na kama ingekuwapo, bei yake ingeshinda ya gari kuukuu. Kilichokuwapo ni kompyuta iliyounganishwa kwa vipuri na programu kama FruityLoops, iliyobuniwa Ubelgiji mwaka 1997 na kubadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003. Mara nyingi ilikuwa nakala isiyolipiwa, iliyopita mkononi kwa mkono katika diski.

Umeme nao ulitoa hukumu yake. Wakati wa mgao mkali wa umeme nchini Tanzania mwaka 2006, mwenye kompyuta ya mkononi aliweza kumaliza ubeti mmoja kwa betri. Mwenye mashine kubwa alikaa gizani akisubiri. Ndiyo maana singeli, muziki wa kasi kubwa uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, ni mtoto wa kompyuta. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, wasikilizaji wa Ulaya walistaajabia sauti iliyotengenezwa kwa vifaa vya bei ndogo. Hakuna aliyeuliza sinthesaiza ya kale ilikuwa wapi.

Kwa mtazamo huo, mtu angeweza kusema kesi imekwisha na programu imeshinda. Hapo ndipo historia ya mashine moja ndogo ya kijivu inapostahili kusikilizwa, kwa sababu inapitia Japani, Marekani na Sweden, na inaishia Guangdong.

Mashine hiyo ni TB-303 ya Roland. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili impigie besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Sauti yake haikufanana na gitaa la besi hata kidogo, na mwaka 1984 Roland ikaacha kuitengeneza baada ya kutoa takriban 10,000. Zilizobaki ziliuzwa kwa bei ya kutupa katika maduka ya mitumba. Vijana Weusi wa Chicago wakazinunua, wakazungusha vifundo vyake kwa namna ambayo watengenezaji hawakuikusudia, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa wimbo wa Acid Tracks uliofungua tawi jipya la muziki wa dansi. Bei ya mitumba ndiyo iliyowafungulia mlango, kama nakala za FruityLoops zilivyowafungulia vijana wa Dar es Salaam.

Mwaka 1997 kampuni ya Propellerhead ya Sweden ikatoa programu ya ReBirth, iliyoiga TB-303 ndani ya kompyuta. Watu wasioweza kununua mashine wakaipokea kwa furaha. Mwaka 2005 Propellerhead ikaacha kuiendeleza, ikawa inaitoa bure. Mwaka 2010 likaja toleo la iPad. Mwaka 2017 toleo hilo likaondolewa sokoni baada ya Roland kudai kwamba linakiuka haki zake. Leo aliyetunga wimbo kwa ReBirth hana njia nyepesi ya kuufungua katika kompyuta mpya. Ipo pia kinaya nyingine: mwaka 2016 Roland yenyewe ilitoa kifaa kiitwacho TB-03, chenye sura ya mashine ya kale, lakini ndani yake sauti hutokana na hesabu za kidijitali. Kwa maneno mengine, ni programu iliyovishwa kanzu ya mashine.

Ndipo mwaka 2019 Behringer ikatoa TD-3, yenye sakiti za umeme kama zile za mwanzo, kwa bei ya takriban dola 150. Mwaka uliotangulia ilikuwa imetoa nakala ya Minimoog kwa takriban dola 300. Kampuni dada yake, CoolAudio, imekuwa ikitengeneza upya chipu ambazo viwanda vya asili viliacha kuzitoa, na chipu hizo zinawafaa pia mafundi wanaofufua mashine za miaka ya 1970 na 1980.

Si kila mtu aliyefurahi. Wapo wanaosema kwamba kunakili kazi ya wavumbuzi ni kuwanyang'anya jasho lao, hasa wale wanaoendelea kuunda ala mpya kwa idadi ndogo na kwa gharama kubwa. Wengine hujibu kwamba sheria ya hataza huweka muda maalumu, na muda huo umepita: hataza ya kichujio cha Moog ilitolewa mwaka 1969, na muda wake ulikwisha katika miaka ya 1980. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini kwa mtayarishaji wa Afrika Mashariki matokeo ni wazi: kwa mara ya kwanza mashine ya aina hiyo inaweza kusafirishwa kutoka Guangdong kwa bei isiyozidi ile ya simu nzuri.

Je, ainunue? Jibu linategemea mambo ambayo watangazaji wa bidhaa hawayataji. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na vyote viwili hula viunganishi vya chuma. Joto hukausha kapasita. Umeme unaopanda na kushuka huua vifaa vya kugawa umeme. Roland Juno-106 ya mwaka 1984, inayopendwa mno na wakusanyaji, ina chipu za sauti zilizofunikwa kwa gundi ngumu, na chipu hizo hufa moja baada ya nyingine. DX7 ina betri ndogo iliyochomelewa kwenye ubao wake, na betri hiyo ikiisha, sauti alizozihifadhi mpigaji hupotea. Betri yenyewe ni ya bei ndogo, lakini panahitajika fundi mwenye mkono mtulivu wa kuichomoa. Mashine ya kale bila fundi ni fanicha.

Afrika Mashariki, hata hivyo, ina mafundi. Fundi redio aliyezoea kufufua vikuza sauti na televisheni anaelewa transista na kapasita. Anachokosa ni michoro ya sakiti na vipuri, na sasa vipuri vingi vya aina hiyo hutengenezwa katika jimbo lile lile wanakokwenda wafanyabiashara kutafuta simu. Mfanyabiashara anayejaza kontena la spika Guangzhou angeweza kuongeza kijisanduku cha chipu na kapasita, na kijisanduku hicho kikaokoa vinanda vya kikundi kizima.

Programu nayo ina magonjwa yake, yasiyoonekana kwa macho. Mwaka 2019 Apple ilitoa mfumo wa uendeshaji uliokataa kabisa programu za zamani za biti 32. Aliyekubali kuweka mfumo huo usiku, asubuhi alikuta baadhi ya ala zake za muziki hazifunguki. Kampuni zikifungwa, seva za kuthibitisha leseni hufungwa nazo. Programu za kulipia kwa mwezi huzimika malipo yanapokoma. Aliyetumia nakala isiyo halali yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hana pa kudai wala pa kuomba msaada. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kwa hesabu hii DX7 ya mwaka 1983, ikiwa na fundi, inawaka leo, wakati programu ya mwaka 2003 inaweza kuwa imekwisha kuzikwa.

Hapo ndipo linapoonekana jambo linalohatarishwa hasa. Nyimbo za mwanzo za kizazi kipya, kanda za taarab ya kisasa, na singeli ya juzi, zimo katika diski kuu zinazozeeka ndani ya studio za mitaani. Nyingi zimehifadhiwa kama mafaili ya kazi ya programu fulani, ambayo bila programu yenyewe ni herufi tu. Siku mtoto wa mwanamuziki atakapotaka kutoa upya wimbo wa baba yake, au chuo kitakapotaka kufundisha jinsi midundo ile ilivyotengenezwa, kitakachopatikana kitategemea uamuzi unaofanywa leo.

Mfano wa faraja unatoka kwa jirani. Mwaka 1985 Hailu Mergia wa Ethiopia, akiishi Washington, alirekodi akodiani yake pamoja na sinthesaiza za Moog na Yamaha DX7, na kazi hiyo ikauzwa katika kaseti. Miaka ikapita, naye akawa dereva wa teksi. Mwaka 2013 kaseti hiyo ilitolewa upya na lebo ya Awesome Tapes From Africa, na Mergia akarudi jukwaani kote duniani. Kilichomrudisha kilikuwa sauti iliyokwisha kurekodiwa. Haikuhitajika mashine ile ile wala programu yoyote ili kuisikia tena.

Fundisho lake linatekelezeka katika studio yoyote. Wimbo ukikamilika, kila ala irekodiwe peke yake kuwa faili la kawaida la sauti, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, iwe ilitoka katika mashine ya Zhongshan au katika FL Studio. Faili la WAV, muundo uliobuniwa mwaka 1991 na Microsoft pamoja na IBM, bado linafunguliwa na karibu kila kompyuta. Kasi ya mdundo iandikwe, jina la mpigaji na tarehe ziandikwe, na nakala mbili zihifadhiwe katika nyumba mbili tofauti. Kazi hiyo huchukua nusu saa. Mali bila daftari, wanasema Waswahili, hupotea bila habari.

Anayependa vifundo na aongozwe na mikono yake. Anayependa kompyuta na aendelee nayo. Viwanda vya Guangdong vitaendelea kutengeneza, na kampuni za programu zitaendelea kubadilisha matoleo. Wimbo wenyewe hauna kiwanda cha kuutengeneza upya.